Nyumba Kuukuu, Watu Wawili: Nini Kianze, Nini Kisubiri

Wawili wakipata funguo za nyumba yao ya kwanza, na nyumba yenyewe ni ya zamani, kazi ya kwanza inayowajia akilini ni kupaka rangi. Haihitaji fundi, na jioni ya siku ya kwanza chumba kimeshabadilika sura. Ndiyo kazi mbaya kuliko zote kuanza nayo. Fundi umeme atakuja baadaye kuchimba mfereji wa waya katikati ya ukuta ule ule, fundi bomba atamfuata, kisha unyevu utatokeza kwa nyuma na kuibua rangi mapovu. Kazi ikirudiwa mara ya pili, hela imekwenda, na kila mmoja anakumbuka vizuri ni nani aliyesema "tuanze tu".

Ndiyo maana mpangilio wa kazi katika nyumba kuukuu si suala la fundi peke yake. Unaamua pia mtagombana mara ngapi. Tunaoushikilia sisi ni huu: maji ya mvua, maji ya ardhini, nyufa na mbao, umeme na mabomba, lipu, vigae, rangi, kisha sakafu. Kutoka juu kwenda chini, kutoka nje kuja ndani. Mnaweza kuruka hatua isiyowahusu, ila msirudi nyuma.

Kaeni nayo kwanza

Kama nyumba inakalika, kaeni humo miezi mitatu kabla ya kuvunja chochote. Yapo yasiyosubiri. Badilisheni vitasa siku mnayoingia, maana hamjui nakala za ule ufunguo ziko mikononi mwa nani. Kama kuna gesi, badilisheni mpira wake na mkague viungo kwa povu la sabuni. Penye kuvuja povu litavimba. Wekeni kengele ya moshi kila ghorofa, na ya kaboni monoksaidi, gesi ya sumu isiyo na harufu, palipo na kifaa chochote kinachochoma gesi, kuni au mafuta. Paa linalovuja na umeme usio na waya wa ardhini, ule unaopeleka ardhini umeme uliovuja, navyo vitengenezwe mara moja. Mengine yote yaacheni.

Katika miezi hiyo wekeni daftari moja, la wote wawili, karibu na mlango. Andikeni jua linaingia chumba kipi asubuhi na kipi jioni, ukuta gani haukauki, soketi ipi mnaigombania, mlango upi hugoma mvua zikianza, maji ya moto huchukua muda gani kufika sinki la jikoni. Baada ya wiki chache mtashangaa kuona kwamba ukuta mliotaka kuuvunja ndio unaozuia joto la jua la jioni, na kile chumba mlichokiita stoo ndicho chenye utulivu wa kulala.

Halafu isubirini mvua kubwa, na ikianza tokeni nje na mwavuli. Mmoja azunguke nyumba nzima akitazama maji yanakoelekea, mwingine apande darini na tochi. Nusu saa hiyo itawafundisha mambo ambayo ripoti ya ukaguzi wa siku ya jua kali haiwezi kuyaona.

Maji, maji, maji

Kwenye nyumba za zamani, uharibifu mwingi chanzo chake ni maji yaliyokosa pa kwenda. Anzeni juu. Kwenye paa la bati, tazameni misumari kabla ya mabati yenyewe: washa za raba huchakaa kwa jua, msumari hulegea, na maji huingia kwenye tundu dogo kama mbegu ya mtama. Msumari uliolegea msiupigilie upya kwenye tundu lile lile. Ng'oeni, muweke skrubu ya paa iliyo nene zaidi na washa mpya. Kwenye paa la vigae, vigae vilivyopasuka huonekana; kinachojificha ni kile kipande cha bati au risasi kinachoziba pale paa linapokutana na ukuta au dohani. Ukiona doa la maji darini, usidhani tundu liko juu yake hasa. Maji hushuka na ubao wa kenchi mita mbili au tatu kabla ya kudondoka.

Gata nalo linataka mteremko, kiasi cha sentimita 1 kwa kila mita 2 hadi 3 kuelekea bomba la kushushia. Mwageni ndoo ya maji upande wa juu na mtazame: maji yakituama katikati, vishikizo vimelegea. Bomba la kushushia lisiishie mguuni pa ukuta, lipelekeni mbali angalau mita moja na nusu. Na ardhi yenyewe inayozunguka nyumba iteremke kwenda nje, sentimita 15 hivi ndani ya mita 3 za kwanza. Nyumba nyingi kuukuu zimezikwa taratibu: kila mwenye nyumba aliongeza udongo wa maua au akamwaga zege juu ya zege, hadi ardhi ya nje ikapita usawa wa sakafu ya ndani. Kuuchimba udongo huo na kuushusha sentimita 15 chini ya tabaka la kuzuia unyevu, lile lililolazwa ndani ya ukuta karibu na usawa wa sakafu, ni kazi ya koleo na jasho tu, na mara nyingi inaponya ukuta ambao mtu alishataka kuwauzia dawa ya gharama kubwa.

Ukuta ukiwa na unyevu, tafuteni kwanza ni unyevu gani. Ulio chini tu, usiofika zaidi ya mita moja hivi kwenda juu, wenye unga mweupe wa chumvi na rangi inayobanduka, huenda unapanda kutoka ardhini. Ulio na doa moja lenye umbo la ajabu, linalokolea baada ya mvua, unapenya kutoka nje au unatoka kwenye bomba lililovuja. Wenye vidoa vyeusi vya ukungu pembeni mwa dari na nyuma ya kabati ni mvuke wa hewa ya ndani, unaogeuka maji ukigusa ukuta baridi. Huu wa tatu ndio watu huchanganya na wa kwanza.

Kipimo chake ni rahisi. Kateni kipande cha nailoni nzito cha sentimita 50 kwa 50, kibandikeni ukutani kwa tepu pande zote nne bila kuacha upenyo, kikae siku mbili. Matone yakiwa nyuma ya nailoni, upande wa ukuta, unyevu unatoka ukutani. Yakiwa mbele, upande wa chumba, tatizo ni hewa: fungueni madirisha, wekeni feni ya kutoa mvuke bafuni na jikoni, na feni hiyo itoe mvuke nje kabisa. Wapo mafundi wanaouelekeza darini, na hapo mnakuwa mmehamisha ukungu tu kwenda kwenye mbao za paa.

Kuna kosa moja linalofanywa kwa nia njema kila mahali. Ukuta wa zamani wa matofali laini, mawe au udongo uliojengwa kwa chokaa hupumua: hunywa maji kidogo mvua ikinyesha na kuyaachia jua likitoka. Ukiupiga lipu ya saruji na rangi ya plastiki juu yake, umeufungia maji ndani. Hayakomi kupanda, yanapanda juu zaidi yakitafuta mwanya, na matofali huanza kumeguka unga nyuma ya lipu inayoonekana nzima. Ukuta wa namna hiyo urudishiwe lipu ya chokaa, sehemu 1 ya chokaa kwa 3 za mchanga safi, kwa tabaka zisizozidi milimita 10 au 12, kila moja ikauke vizuri kabla ya nyingine. Inachukua muda. Ni kazi ya kuzungumza nyumbani mapema, kwa sababu mmoja wenu atachoka kuutazama ukuta mtupu na atataka mtu aje "aumalize".

Nyufa na mbao

Si kila ufa ni msiba. Ufa mwembamba kama unywele, wa chini ya milimita 1, kwa kawaida ni lipu iliyokauka. Ule usiozidi milimita 5, ambao hauongezeki, huzibwa. Ukizidi hapo, au ukiwa mpana upande mmoja na mwembamba mwingine, au ukipanda kwa ngazi kufuata viungo vya matofali kutoka kona ya dirisha, muiteni mhandisi wa majengo kabla ya fundi yeyote. Fundi ataziba ufa. Mhandisi atauliza kwa nini umetokea.

Swali la maana ni kama ufa unatembea. Chora kistari cha penseli kila upande wake, pima umbali kati ya vistari, andika tarehe pale pale ukutani, halafu pima kila mwezi. Weka alama pia kwenye ncha za ufa. Udongo wa mfinyanzi huvimba ukinywa maji na kusinyaa ukikauka, na mti mkubwa ulio karibu huuongezea kiu, kwa hiyo ufa unaweza kufunguka kiangazi na kujifunga masika. Kuuziba kabla ya kuuona ukipitia misimu yote miwili ni kupoteza saruji.

Mbao zichomeni kwa bisibisi: nguzo, fremu za milango pale chini, ncha za kenchi zinapokalia ukuta. Bisibisi ikizama bila kushindana, ubao umeoza au umeliwa. Vijitundu vidogo si ushahidi wa wadudu waliopo, huenda walishaondoka miaka mingi. Unga mpya mlaini chini ya vijitundu ndio ushahidi. Mchwa wao huacha vijia vya udongo ukutani. Bomoeni kipande cha kijia na mrudi baada ya siku chache: kikiwa kimejengwa upya, bado wamo.

Na ukuta wa ndani usivunjwe kwa kuangalia unene wake tu. Upo ukuta mwembamba uliobeba dari lote, na upo mnene usiobeba kitu. Tazameni boriti za darini zinakalia wapi na kama kuna ukuta mwingine juu yake. Mkiwa na shaka yoyote, ni kazi ya mhandisi. Kizingiti kipya juu ya uwazi kikalie ukuta angalau sentimita 15 kila upande.

Vumbi lenye madhara

Hili halina mjadala wala nani kashinda. Mabati ya zamani ya saruji yenye mawimbi, mbao za dari za kijivu, mabomba ya zamani ya kushushia maji, hata baadhi ya vigae vya sakafu vya plastiki na gundi yake nyeusi, vinaweza kuwa na asbesto. Nyuzi zake haziumizi vikikaa vizima. Vikikatwa, vikitobolewa, vikisuguliwa au vikifagiliwa, nyuzi huingia mapafuni na ugonjwa huja baada ya miongo. Msitoboe hata tundu la taa. Kipande kipelekwe maabara, na kikithibitika, kiondolewe na watu wenye kibali, au kiachwe kizima kilipo.

Rangi kuukuu nayo huweza kuwa na madini ya risasi, hasa ya mafuta kwenye milango, madirisha na vitasa vya chuma. Marekani iliipiga marufuku kwenye rangi za nyumbani mwaka 1978. Kwingine ilichelewa zaidi, kwa hiyo umri wa nyumba peke yake hausafishi mlango. Msiisugue kwa msasa mkavu wala kuichoma kwa moto. Isugueni ikiwa imelowa, sakafu imefunikwa nailoni, na mvae barakoa ya chujio la chembe ndogo, ile ya kitambaa haitoshi. Mjamzito na watoto wasiwe ndani kabisa, mpaka chumba kimepanguswa kwa kitambaa kibichi mara mbili. Hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto.

Umeme

Nyumba kuukuu hudanganya kwa soketi mpya. Mtu alibadilisha vifuniko, nyuma yake waya ni ule ule wa zamani wenye ganda la mpira linalovunjika kama biskuti, au waya mbili tu bila ya ardhini. Fundi umeme aliyesajiliwa afungue soketi tatu au nne katika vyumba tofauti, afungue boksi la breka, kisha apime. Mwombeni awaonyeshe kwa macho yenu mambo mawili: waya wa ardhini umefungwa wapi, na kama ipo ile breka inayokata umeme ukivuja kwa milliampia 30. Hiyo ndiyo inayookoa mtu. Breka ya kawaida huokoa waya, haiokoi mkono ulioshika waya. Ile ya milliampia 30 ina kitufe cha kujaribia. Kibonyezeni kila baada ya miezi michache, na isipojikata, ibadilishwe.

Waya na breka havina budi kulingana. Penye umeme wa volti 230, taa kwa kawaida hupewa waya wa milimita 1.5 za mraba na breka ya ampia 10 au chini yake. Soketi waya wa 2.5 na breka ya 16 au 20. Jiko la umeme waya wake peke yake, wa 6 au zaidi. Mzunguko wa pete, ambao waya wake hutoka kwenye breka na kurudi hapo hapo, una hesabu yake. Breka inayojikata kila mara ina sababu, na dawa yake si breka kubwa zaidi. Ukiweka ya ampia 32 kwenye waya mmoja wa 2.5 usio wa pete, umeondoa mlinzi: waya utachemka ndani ya ukuta na breka haitajua.

Idadi ya soketi ikadirieni mara mbili ya mnavyofikiri, na swichi muziamue mkiwa wawili mmesimama chumbani. Mkimaliza kuchimba mifereji na kulaza mabomba ya waya, kabla lipu haijapigwa, pigeni picha za kila ukuta huku tepu ya kupimia imeegemezwa ukutani na namba zinasomeka. Siku mtakapotaka kutundika kabati, picha hiyo itawaambia msumari usipite wapi.

Mabomba

Fungeni koki zote, someni mita ya maji, msitumie tone kwa saa mbili, msome tena. Ikiwa imesogea, kuna mahali panavuja. Mkosaji wa kwanza wa kushukiwa ni tangi la choo: tieni rangi ya chakula ndani yake, msivute, na baada ya nusu saa mtazame bakuli. Likiwa na rangi, raba ya chini imechakaa.

Bomba la chuma la zamani huziba kwa kutu kutoka ndani. Dalili yake ni maji yanayotoka vizuri koki moja ikiwa wazi na kufifia ya pili ikifunguliwa, pamoja na maji ya rangi ya chai asubuhi. Kubadilisha kipande kimoja huhamishia shida kwenye kipande kinachofuata, kwa hiyo mkianza, badilisheni lote linaloingia ukutani. Bomba la chuma lisiunganishwe moja kwa moja na la shaba. Chuma italiwa kwenye kiungo, kwa hiyo wekeni kiungo cha kutenganisha. Wekeni pia valvu ya kufungia kwa kila chumba chenye maji. Ni kitu kidogo, lakini ndicho kitakachoamua kama koki ikiharibika usiku mtafunga bafu tu au nyumba nzima.

Bomba jipya lijaribiwe likiwa wazi, kwa shinikizo la mara moja na nusu ya lile la kawaida, kwa saa moja angalau, sindano ya kipimo ikiwa haishuki. Fundi akisema "nitalijaribu nikishafunika", jibu ni hapana. Mabomba ya maji machafu yapewe mteremko: kwa bomba la milimita 100, sentimita 2 na nusu kwa kila mita ni salama.

Bafu, kwa ukaribu

Bafu ndipo penye makosa ya gharama zaidi katika eneo dogo kuliko vyumba vyote, kwa hiyo tukae hapo kidogo.

Kinachozuia maji bafuni si vigae. Maji hupita kwenye grauti, ule ujazo wa nafasi kati ya vigae, polepole lakini hupita. Kizuizi ni utando wa majimaji unaopakwa chini ya vigae. Sakafu kwanza ipewe mteremko wa sentimita 1 na nusu hadi 2 kwa mita kuelekea tundu la maji, ikauke, ifagiliwe hadi mkono ukipita usitoke na vumbi. Kona zote, sakafu inapokutana na ukuta, na kila bomba linapotokea, vibandikwe utepe wa kuimarishia ukiwa umelowa ndani ya utando. Kisha utando upakwe mikono miwili: wa kwanza brashi ikienda upande mmoja, wa pili, wa kwanza ukishakauka, brashi ikiukata kwa upande mwingine. Chagueni mikono ya rangi mbili kama inapatikana, ili panaporukwa paonekane. Utando upandishwe ukutani sentimita 15 chumba kizima, na kwenye sehemu ya kuogea ufike mita 1.8 au 2.

Sasa zibeni tundu la maji, jazeni maji sentimita 2 au 3, chora mstari wa penseli kwenye usawa wa maji, na muondoke kwa saa 24. Yakishuka chini ya mstari kuliko yanavyoweza kukauka tu, au dari la chumba cha chini likitoa doa, mmeligundua tatizo mapema. Baada ya vigae, ugunduzi huo huo ungekuwa wa kubomoa. Hatujui jaribio lingine lenye faida kubwa hivi kwa ndoo chache za maji, na ndilo mafundi wengi watawaambia halina haja.

Vigae vinunuliwe zaidi kwa asilimia 10, au 15 vikilazwa kimshazari, na makasha yote yawe na namba moja ya toleo. Fundi akishalaza vitano au sita, mwambieni anyanyue kimoja. Nyuma yake iwe imepakaa gundi karibu yote. Madonge matano ya gundi, manne kwenye kona na moja katikati, huacha mapango yanayojaa maji na kigae kinachopasuka siku chupa ikiangukia. Grauti isubiri saa 24. Kwenye kona, vigae vya ukuta vinapokutana na vya sakafu, msitie grauti: hapo panacheza, grauti itapasuka. Wekeni silikoni. Na kama kuna beseni la kuogea, lijazeni maji kabla ya kuliwekea silikoni, na muiache silikoni ikauke beseni likiwa limejaa. Beseni hushuka kidogo likibeba maji na mtu, na silikoni iliyokaukia beseni tupu huvutika na kubanduka siku ya kwanza.

Lipu na rangi, kwa ufupi

Gongeni ukuta kwa kifundo cha kidole. Palipo tupu hulia tofauti. Toeni lipu iliyo tupu, iliyo imara iacheni. Lipu mpya ya saruji ikae wiki nne kabla ya rangi, na mkono wa kwanza uwe praima, rangi ya msingi, inayostahimili alkali, yaani ukali wa saruji. Rangi ya zamani ikiacha unga kiganjani, isugueni na kuosha, la sivyo mpya itabanduka pamoja nayo. Kwa hesabu, lita 1 hufunika mita 10 za mraba kwa mkono mmoja: chumba cha mita 4 kwa 3.5, urefu wa ukuta 2.7, kikitolewa mlango na dirisha moja, kina mita 37 hivi za kuta, kwa hiyo mikono miwili inataka lita 8.

Ninyi wawili

Mafundi wote tuliowataja huendesha kazi vizuri wakisikia sauti moja. Kubalianeni nani anazungumza na fundi yupi, kufuatana na nani anaelewa nini, bila kujali nani ni mume au mke. Mwingine akiwa na neno, alipitishe kwa mwenzake. Fundi aliyepewa amri mbili zinazopingana atachagua ile iliyo rahisi kwake, na hamtakuwa na wa kumlaumu. Mabadiliko yote yaandikwe na kuwekewa bei kabla hayajaanza. Malipo yafuate hatua zilizokamilika, na asilimia 10 ibaki mpaka kasoro za mwisho zirekebishwe.

Kwenye bajeti, tengeni asilimia 20 ya dharura. Kwenye nyumba kuukuu itatumika, haiulizwi. Wekeni pia kiwango ambacho kila mmoja anaweza kutumia bila kuuliza. Asilimia 1 ya bajeti inatosha. Bila kiwango, koki ya bafu inageuka kesi, na maamuzi makubwa yanapita kimya kimya kwa sababu wote wamechoka.

Chumba kimoja kibaki safi tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho: kitanda, mlango unaofungika, hakuna ndoo ya rangi, hakuna sampuli za vigae. Choo kimoja na koki moja vifanye kazi kila usiku, hata kama fundi anasema itamrahisishia akifunga vyote. Na uamuzi wa vigae usifanyike baada ya saa tatu usiku.

Yanayohusu mwili yapimwe kwa mwili. Simameni jikoni mkiwa na chaki, kila mmoja akunje kiwiko, mchore usawa wake ukutani, mshuke sentimita 10 hadi 15. Hapo ndipo meza ya kazi ingetakiwa kuwa kwa kila mmoja. Mistari ikitofautiana sana, usawa wa meza uamuliwe na anayekatakata zaidi. Fanyeni hivyo kwa kioo, bomba la mvua, ndoano za taulo. Kwa samani, bandikeni tepu ya karatasi sakafuni kwa vipimo halisi vya kitanda na kabati, mkae na tepu hiyo siku tatu mkiikwepa kana kwamba ni kabati kweli. Mkiona wote wawili mnaikanyaga, kabati ni kubwa mno.

Mkimaliza, kila rangi iliyobaki imimineni kwenye chupa ya kioo, ijae hadi mdomoni ili isiote ngozi, na mwandike juu yake chumba, namba ya rangi na tarehe. Vigae kumi vya kila aina viwekwe stoo, pamoja na ufunguo wa valvu, vyeti vya umeme na zile picha za kuta kabla ya lipu, zimechapishwa.